Mama anasahau. Kaka anataka tupimwe vinasaba, mimi nahangaikia fomu ya ulemavu

#1 Binti wa Mawese (mwanzisha uzi), Ujiji, Kigoma

Habari zenu wanajamvi. Uzi ni mrefu, wale wa "umeandika gazeti" tangulieni kulalamika kabisa.

Mama yangu ana miaka 71. Ameuza mawese zaidi ya miaka thelathini, hapa Ujiji na soko la Mwanga. Ukimletea dumu anachovya kidole, anasugua kwenye kiganja, analamba, halafu anakwambia kama limetiwa maji au ni la msimu uliopita. Daftari la madeni hakuwahi kuwa nalo. Lilikuwa kichwani, na hakuna aliyewahi kumpunja.

Miaka mitatu iliyopita mambo yakaanza kubadilika. Hakuanza kwa kusahau majina, alianza na hela. Mteja analipa, mama anafunga noti kwenye pindo la kanga, dakika mbili baadaye anamdai tena. Tukacheka. Kisha akaanza kusema anaibiwa, na mwizi akawa mwanangu wa miaka kumi na miwili anayelala naye chumba kimoja. Siku tuliyofua kanga zake tulikuta mafundo manne kwenye kanga tatu, noti zimelowa mpaka zinafanana na karatasi za maandazi. Mtoto alilia siku ile kuliko siku alizotuhumiwa.

Sasa hivi ikifika saa kumi na mbili jioni anasimama mlangoni na kikapu chake. "Nirudisheni nyumbani, giza linaingia." Na yupo nyumbani, nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa mawese. Nikimbishia, tunagombana mpaka isha. Nikimwambia "haya mama, twende", tunazunguka kule kwenye miembe, tunasalimia watu, tunarudi kwa mlango wa uani. Anakaa, anavua ndala. "Afadhali tumefika."

Daktari ametuambia ni demensia, yaani ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kwa jinsi ilivyokuja polepole anahisi ni ile aina inayoitwa Alzheimer.

Ugomvi uko hapa. Kaka yangu mkubwa yupo Dar. Amesoma mtandaoni kwamba ugonjwa huu unarithiwa, anataka tuchangishane tutume mate nje ya nchi yakapimwe vinasaba, watoto wote sita tujijue. Mimi naona hiyo hela ingemlipa msichana wa kukaa na mama. Nikaenda ofisi moja kuuliza kama mama anaweza kutambuliwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Kijana wa mezani akanitazama, akamtazama mama kwenye benchi, katulia, kilemba kimenyooka. Akasema: "Dada, mama ana miguu, ana macho, anasikia. Huo ni uzee. Uzee siyo ulemavu."

Mama akamjibu: "Asante mwanangu. Na wewe ufike."

Nishaurini.

#2 Mgebuka Mkavu

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Pole dada. Ila huyo kijana kabarikiwa au kalaaniwa? Mpaka sasa sijaelewa.

Halafu mwambie kaka apunguze sauti. Kigoma ukitamka "kupima DNA" mtaa mzima unajua kuna kesi ya mtoto.

#3 Fundi Maabara

Nimesomea vinasaba na kazi yangu ni maabara. Siyo daktari, mnisahihishe.

Kaka hajakosea, ila amechanganya vitu viwili vyenye jina moja. Ipo Alzheimer inayorithiwa moja kwa moja. Jeni moja tu, yaani agizo moja la mwili tunalorithi kwa wazazi, ikiwa na hitilafu inatosha: APP iliyo kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 21, PSEN1 ya kromosomu ya 14, au PSEN2 ya kromosomu ya 1. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ni nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Hii huwashika watu wangali na nguvu, arobaini na kitu, hamsini na kitu. Na ni nadra, haifiki asilimia 1 ya wagonjwa wote. Mama kaanza na miaka 68, kwa hiyo uwezekano kwamba ni aina hiyo ni mdogo sana, labda kama mna wajomba na mashangazi waliopotea akili wakiwa vijana.

Familia zenye aina hiyo ndizo zilizofundisha dunia. Huko Antioquia, Colombia, Dkt. Francisco Lopera alianza miaka ya 1980 kufuatilia ukoo mkubwa wenye hitilafu ya PSEN1. Wenye nayo huanza kusahau kwenye miaka 44 hivi, na wakifika 49 demensia imekomaa. Lakini mwaka 2019 ikatangazwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo huo, mwenye hitilafu ile ile, aliyefika miaka ya sabini ndipo akaanza kusahau. Kumchunguza, wakakuta ana nakala mbili (moja ya baba, moja ya mama) za badiliko jingine adimu kwenye jeni ya APOE, linaitwa Christchurch. Jeni moja ilikuwa inamwinda, nyingine imemkalia mlangoni.

Aina ya pili ndiyo ya wengi, ya uzeeni. Hapo hakuna jeni inayotoa hukumu. Inayotajwa zaidi ni hiyo APOE, ambayo ina sura tatu: e2, e3 na e4. Tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba e4 inaongeza hatari. Nakala moja mara tatu hivi, mbili mara nane hadi kumi na mbili. Takwimu hizo zimetoka zaidi kwa Wazungu, nitarudi hapo. Wapo wenye nakala mbili wanaozikwa na miaka tisini wakiwa bado wanahesabu chenji, na wapo wagonjwa wasio na e4 hata moja.

#4 Mzee wa Mwandiga

Nyie vijana mnapenda kuupa uzee majina ya Kizungu. Babu zetu walisahau na hawakupelekwa maabara. Huyo mama achunguzwe vizuri, mtu hawezi kuuza mawese miaka thelathini bila mtu kumuonea kijicho. Nasema tu.

#5 Mgebuka Mkavu

Nilijua hatufiki posti ya kumi. Watu wa mikoa mingine wakituogopa Kigoma tunakasirika, kumbe mabalozi wenyewe ndio hawa.

#6 Mjukuu wa Sikonge, Tabora

Mzee wa Mwandiga, shikamoo. Naomba nikusimulie kitu, halafu uniambie kama bado unasema tu.

Bibi yetu alianza hivyo hivyo. Anaamka usiku anatafuta ng'ombe wa baba yake, ng'ombe waliokwisha kabla mama yangu hajazaliwa. Usiku mmoja tulisahau kufunga komeo. Saa nane akakutwa kwenye uwanja wa jirani, kajifunga kipande cha kanga tu, anaita ng'ombe kwa majina. Jirani alikuwa na mtoto mgonjwa ndani. Unajua wenyewe ukikutwa saa nane usiku kwenye uwanja wa mtu mwenye mgonjwa, nusu uchi, unaongea na vitu visivyoonekana, unaitwa nani.

Anawanga.

Kwetu huko vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Kilichomwokoa bibi ni mtu mmoja aliyetambua jina la ng'ombe. Alisema, "Huyu anamwita Kasongo, alikuwa dume la mzee wao, mimi nilimchunga." Asingekuwepo mtu huyo, leo nisingekuwa na cha kuandika hapa. Alfajiri tulimhamishia mjini, na alifia Tabora, kitandani, miaka minne baadaye.

Kwa hiyo dada, mimi hata usiponiambia jeni ni ipi, karatasi yoyote yenye mhuri inayosema mama yako ni mgonjwa, itafute.

#7 Mzee wa Mwandiga

Marahaba. Nimesoma. Pole kwa bibi.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kabla ya mate kwenda Ulaya, damu ya hapa hapa imepimwa? Kuna vitu vinavyofanana na demensia na vinatibika: tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, sonona, hata damu iliyovujia kichwani taratibu baada ya kuanguka. Apimwe hivyo, pamoja na sukari na presha. Angalieni macho na masikio pia. Mzee asiyesikia anaonekana amechanganyikiwa kumbe hajasikia swali.

Na dawa, jamani. Piriton! Kila nyumba inayo, mzee akiwashwa anapewa, akikosa usingizi anapewa. Dawa ile inavuruga kumbukumbu za wazee. Akiwa anaitumia, mwambieni daktari.

Na siku mama akibadilika ghafla, yaani jana alikuwa anatembea na leo hajui pa kukaa, hiyo siyo Alzheimer kuendelea. Ni malaria, au maambukizi ya mkojo, au kitu kingine. Hospitali siku hiyo hiyo.

#9 Binti wa Mawese

Nesi, Piriton anakunywa. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa ili alale. Nimeishiwa nguvu kusoma hapo.

#10 Nesi wa Zamu ya Usiku

Usijilaumu, wote tunafanya. Ongea na daktari kesho.

#11 Fundi Maabara

Nimerudi. Nilisema takwimu za APOE ni za Wazungu zaidi. Kuna utafiti uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa mwaka mmoja Alzheimer mpya ilikuwa asilimia 1.15 Ibadan na asilimia 2.52 Indianapolis. Kwa Wayoruba, e4 haikuonyesha uhusiano wa wazi na ugonjwa kama kwa Wazungu. Na mwaka 2013 ikaonekana kwa Wamarekani weusi kwamba jeni nyingine, ABCA7, ina uzito kuliko ilivyo kwa Wazungu.

Maana yake ni kwamba kipimo cha mate kitamletea kaka namba iliyokokotolewa kwa mtu wa Uingereza. Ni kama kupima mtama kwa kipimo cha maziwa.

Lakini Binti wa Mawese, sikubaliani na wewe moja kwa moja. Utafiti huu ni muhimu kwetu. Hapa nchini, Hai mkoani Kilimanjaro, walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2009 na 2010, watu 1,198 wenye miaka 70 kwenda juu, wakakuta asilimia 6.4 wana demensia. Kabla ya hapo tulikuwa tunaambiana Waafrika hawaugui ugonjwa huu. Tusipochangia damu kwenye tafiti, dawa zitatengenezwa kwa ajili ya miili ya wengine. Chukua lecanemab, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023. Haiponyi, inapunguza kasi tu kwa walio mwanzoni, mwanzoni inatiwa kwa dripu kila wiki mbili, na lazima upigwe picha za ubongo za MRI kufuatilia. Mwenye e4 mbili yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Hapo ndipo kipimo cha jeni kina kazi ya kweli. Kwa mama yenu leo, Ujiji, hakibadilishi hata kidonge kimoja.

#12 Kiti Mwendo, Kasulu

Naingilia upande wa fomu, huko ndiko niliko miaka yote. Jina langu linajieleza.

Huyo kijana wa mezani anafikiri ulemavu ni kitu cha kuona. Sisi wa viti na fimbo nyeupe ndio tumekuwa picha ya ubaoni. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haisemi miguu. Inazungumzia mtu kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wenzake, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Mwanamke aliyekuwa anaongoza biashara, leo hawezi kutoka nje peke yake. Hajapungukiwa?

Na kama anabisha, mkumbushe sensa ya 2022. Karani alipofika nyumbani aliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kujihudumia, kuwasiliana, na aliuliza kama kuna mtu mwenye shida ya kukumbuka. Serikali yenyewe ilimhesabu mama yako. Mezani ndiyo imemsahau.

Sasa usijidanganye kuhusu hela. Bara hakuna posho ya kila mwezi eti kwa sababu una ulemavu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 sisi, ni mkopo. Mama atakopa nini na nani atarudisha? Wewe mlezi ndiye utafute kikundi cha wanawake. TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ni kwa kaya maskini, ulemavu ndani ya nyumba unazingatiwa ila siyo tiketi. Mama akiwa zaidi ya 60 na hamna uwezo, msamaha wa matibabu ni haki yake, hospitali wanalo dirisha la wazee. Zanzibar wametutangulia: tangu 2016 kila mwenye miaka 70 anapata pensheni, akiwa na ulemavu au asiwe nao.

Ukienda usiseme "mama anasahau". Kila mtu ana mama anayesahau. Nenda na barua ya daktari na daftari la wiki moja: Jumatatu alishindwa nini bila msaada, Jumanne nini. Kuoga, kuvaa, kula, kujua njia. Na umwone Afisa Ustawi wa Jamii mwenyewe, usiishie kwa wa mapokezi.

#13 Mama Down

Samahani kwa kudandia. Mdogo wangu ana Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, ana miaka 43, ameanza kupotea njia ya kanisani aliyoipita tangu utoto. Inahusiana?

#14 Fundi Maabara

Inahusiana sana. Mwenye Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na nimesema hapo juu APP iko kwenye hiyo 21. Wengi wao Alzheimer huwaanza mapema, hata arobaini na kitu. Usikubali uambiwe "ndivyo alivyo". Mpeleke, na aangaliwe tezi pia, kwao husumbua mara nyingi.

#15 Kaka Mkubwa (mwanachama mpya)

Mimi ndiye kaka. Mke wangu ameniletea uzi, "hebu soma, kama siyo nyinyi". Mdogo wangu umenianika, ila hujadanganya.

Nina miaka 46. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya mashine ya kutolea pesa nikasahau namba ya siri niliyoitumia miaka tisa. Foleni nyuma yangu. Nikabonyeza, ikakataa, nikabonyeza, ikakataa, nikaenda kukaa kwenye gari na jua lote lile, vioo vimefungwa. Nilipowaambia tupime, sikuwa nawaza kuhusu mama.

#16 Binti wa Mawese

Shikamoo kaka.

Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingenuniana miezi miwili. Mimi nilidhani unakwepa kuja.

#17 Kaka Mkubwa

Marahaba. Na hilo lipo pia.

#18 Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka, unalala saa ngapi? Presha umepima lini? Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kwamba karibu asilimia 45 ya demensia inahusiana nayo. Presha imo, sukari imo, lehemu, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri, kuumia kichwa, kutofanya mazoezi, upweke. Jeni yako siwezi kuigusa, presha yako naweza.

#19 Mgebuka Mkavu

Mimi nimekuja kunywa kahawa, sasa naogopa hata kikombe.

#20 Binti wa Mawese: MREJESHO (wiki tano baadaye)

Niliahidi, nimerudi.

Piriton tumeacha, daktari amekubali. Hakupona, msinielewe vibaya, ila mchana hasinzii tena kwenye kiti kama zamani. Tezi iko sawa, kaswende hana, presha ilikuwa juu na ameanzishiwa dawa.

Daftari niliandika siku saba. Siku ya tatu nilitaka kuacha, maana kumwandika mama yako "ameshindwa kuvaa gauni, ameingiza kichwa kwenye mkono" unajiona kama unamsengenya. Nikafika kwa Afisa Ustawi, mama mtu mzima. Hakuniuliza mimi. Aligeuza kiti akamwelekea mama. "Shikamoo mama. Leo umekula nini?" Mama akasema, kwa sauti yake ile ya sokoni, "Ugali wa muhogo na migebuka, nimekaanga mwenyewe kwa mawese yangu." Afisa akanitazama. Nikatikisa kichwa. Tulikula maandazi, na jiko hajaligusa tangu mwaka jana alipoacha maharage yaungue mpaka sufuria ikatoboka. Akalifungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mengine kwa sauti ya chini. Kisha akaandika kwa mkono kwenye aina ya ulemavu: afya ya akili, demensia.

Hela sijapata, Kiti Mwendo ulisema. Nilichopata ni kwamba jina limeingia kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa alikuja nyumbani, akawaita vijana wa ulinzi, akawaambia mbele ya majirani: huyu mama ni mgonjwa, mkimkuta usiku mleteni hapa taratibu, na mtu asifungue mdomo kusema kitu kingine. Mjukuu wa Sikonge, nilikukumbuka.

Kaka alikuja akakaa siku kumi. Presha yake ilisoma 160 kwa 100. Mate hatujatuma. Amesema watafiti wakija siku moja kwa utaratibu unaoeleweka, na majibu yakarudi kwetu, damu yake atatoa. Ya mama tumeshindwa kuelewana, maana akiulizwa kama anakubali anakubali kila kitu, hata kuolewa. Jioni ya pili alimzungusha yeye kwenye miembe. Walichelewa. Nikatoka na tochi nikawakuta wamesimama, mama anamwonyesha njia ya kurudi, na aliionyesha sawasawa.

Namba yangu ya simu nimeishona kwenye magauni yake yote, na picha yake ipo kwenye simu za kijiwe cha bodaboda.

#21 Mama Down

Dada, hiyo namba umeishona ndani au nje?

#22 Binti wa Mawese

Ndani, upande wa pindo la chini, uzi wa rangi ya gauni. Nje anaiona, anaifumua. Anasema amevalishwa bei.